Kumi ni ya Mzee Elirehema

Wiki iliyopita Neema alinipigia simu. Neema ndiye aliyekalia kiti changu katika ofisi ya mitandao hospitalini tangu nilipostaafu. Baada ya shikamoo na habari za wajukuu, akafika penye shida yake.

"Mama Salma, nasafisha ile seva ya anwani. Kuna namba moja, kumi, umeitengea simu ambayo si ya hospitali wala ya mfanyakazi yeyote. Halafu haijaonekana siku nyingi. Niifute?"

Nikamwambia asiguse kitu, nitamjibu kwa maandishi. Akacheka, akidhani nitamtumia mistari miwili. Neema, na nyinyi wenzake mlioanza kazi wakati mtandao umeshakuwa kama maji ya bomba, kaeni vizuri. Jibu ni refu, na mimi siku hizi nina muda. Vyeo vyangu sitavisimulia kwa sababu havikuwa vingi, na mshahara sitautaja kwa sababu nyinyi ndio mnaoupokea sasa na sitaki kuwakatisha tamaa.

Mimi ni mtoto wa mjini, mtaa wa Ngarenaro. Baba yangu alitoka Kondoa akafungua banda la kutengeneza redio, na mimi nililelewa katikati ya spika zilizopasuka na harufu ya risasi ya kulehemu inayoyeyuka. Wasichana wenzangu walijifunza kusuka nywele, mimi nilijifunza kusuka waya. Hospitali moja ya kanisa, kule juu kwenye mteremko wa Meru, ilipotafuta mtu wa kutunza redio za mawasiliano na magari ya wagonjwa, baba alinisukuma niende. Jina la hospitali silitaji. Waliofanya kazi pale wataitambua kwa matope yake.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Elirehema. Wakati ule hakuwa mzee bado, ila alikuwa na tabia za mzee: alitembea polepole, alijibu polepole, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Alikuwa Mmeru, fundi umeme, na mzee wa kanisa katika usharika wake wa Kilutheri. Cheti changu hakukiangalia. Aliangalia mtandio wangu, akaangalia dari, akaniuliza, "Binti, unaogopa panya?"

"Panya siogopi. Naogopa nyoka."

"Basi huko juu ni panya tu. Panda."

Nikapanda. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Kompyuta zilipoanza kuingia, moja mapokezi, moja uhasibu, halafu maabara, sisi wawili ndio tuliokuwa tumezoea kutambaa darini, kwa hiyo kazi ya kuziunganisha ikatuangukia. Hatukuwa tumesomea. Tulijifunza kwa kuharibu, na tulikuwa na bahati kwamba kebo ni rahisi kuliko wagonjwa. Ndani ya kebo ya mtandao kuna nyaya nane za rangi, na ukikosea mpangilio wake hakuna kinachopita. Elirehema alinifanya niziimbe rangi zile kama mtoto wa shule ya Jumapili, mimi niliyesoma madrasa, huku nikibana vichwa vya kebo kwa koleo letu moja la pekee. Koleo lile lilikuwa na meno yaliyolika upande mmoja. Ilibidi ubane, ugeuze, ubane tena. Mpaka leo nikishika koleo jipya nageuza, na vijana wanashangaa.

Jambo moja alilolibuni yeye lazima niwaeleze vizuri, kwa sababu hadithi yote inaning'inia hapo. Lebo za karatasi tulizobandika kwenye kebo zilikuwa zikiliwa na panya au kubanduka kwa unyevu. Mke wa Elirehema alikuwa akifuma masweta ya kuuza, na nyumba yao ilijaa mabaki ya nyuzi za sufu. Siku moja akaja na mfuko wa nyuzi. Kila jengo akalipa rangi yake: maabara njano, famasi bluu, uhasibu nyeusi, wodi ya wazazi nyekundu. Kila chumba akakipa mafundo: chumba cha kwanza fundo moja, cha pili mawili, na kuendelea. Akafunga uzi kwenye kila kebo, ncha zote mbili. Kabati letu la swichi, kile kifaa kinachokutanisha kebo zote, likaonekana kama duka la sufu. Wageni walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini nilifunga.

Sasa kuhusu anwani. Kila kompyuta kwenye mtandao inahitaji namba yake, ili ikitumiwa kitu kijue kinakwenda wapi. Siku hizi hamzioni, mnaunganisha tu. Wakati ule mtu alikuwa anaiandika kwa mkono ndani ya kila mashine, na mtu huyo alikuwa Elirehema. Alilifanya jambo hilo kama kipaimara. Kompyuta mpya ikifika idarani, aliitwa yeye, akavaa koti, akateremka, akavuta kiti. Aliuliza majina ya watu watakaoitumia. Halafu aliandika namba, akawageukia akasema, "Hii ni ishirini na tatu. Msiiazime, msiigawe." Kompyuta ya kwanza kabisa, ile ya mapokezi, aliipa kumi. Nilipomuuliza kwa nini asianzie moja, akasema tisa za mwanzo ziachiwe wakubwa, yaani vifaa vya mtandao wenyewe, na kwamba kumi ndiye mtoto wetu wa kwanza. Ile kompyuta ilipokufa, namba yake hakumpa mwingine yeyote. Tulikuwa kazini, lakini naapa nilimwona akiipigapiga kwa kiganja ilipokuwa inapakiwa kwenye gari la takataka.

Namba zote alizihifadhi kichwani. Nami nilizijua nyingi, lakini si zote. Alipostaafu tukamfanyia sherehe, tukampa kitenge na mbuzi, akaenda zake shambani upande wa Usa, huko huko Meru. Kichwa chake akaenda nacho.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Kwanza tulimpigia simu. "Mzee, shikamoo, hii ya mionzi tuipe ngapi?" Tunasikia ng'ombe nyuma yake, tunasikia mkewe akimwita, halafu anajibu bila kusita. Lakini kompyuta ziliongezeka, zikaja na zile za mapajani, na watu wakachoka kusubiri. Wakaanza kuazimana. Kwetu huku jirani akikunyima chumvi ni mchoyo, basi ndivyo ilivyokuwa kwa namba. Kompyuta ya famasi haipati mtandao? Mhudumu anaenda uhasibu, anaangalia ile inayofanya kazi imeandikwa nini, anarudi kunakili vilevile. Kwa moyo mweupe kabisa. Na mwenye namba anamsaidia kuisoma ili asikosee. Mashine mbili zikiwa na namba moja, hupigana: leo inapata hii, kesho ile, na zote mbili zinanilaani mimi.

Ningevumilia, kama si karatasi.

Mnalijua lile jengo la maabara lilivyo chini, na wodi ya wazazi juu, na njia ya katikati inavyokuwa masika. Majibu ya vipimo yalikuwa yanapandishwa kwa miguu. Mchana mmoja wa mvua mhudumu aliteleza na karatasi zake, na karatasi ya mama mmoja aliyekuwa anatoka damu ikafika wodini wino wote umeenea kama chai. Kundi la damu halisomeki. Wakamtoboa tena, wakateremka tena, wakapanda tena. Mama alipona na mtoto akapona. Lakini mimi nilikuwa pale wodini nikirekebisha taa, nikamwona mumewe amesimama ameshika ile karatasi iliyolowa, anaigeuza na kuigeuza, kana kwamba upande wa pili pengine pameandikwa vizuri. Nilirudi ofisini na hasira ambazo sikujua nimkasirikie nani. Nikajiapiza kwamba sitastaafu kabla majibu hayajapanda ule mlima bila miguu.

Kwa hiyo hospitali ilipoleta mfumo wa kutuma majibu kwa kompyuta, nilijua mtandao wetu wa kuazimana namba hautaubeba hata siku moja. Nikaanza kusoma. Nikasoma kuhusu seva inayogawa anwani yenyewe, ile tunayoiita DHCP, na nawaambia ukweli, nilisisimka kama msichana aliyeletewa posa.

Sikilizeni uzuri wake. Kompyuta mpya ikichomekwa haijui mtu, haina namba. Inachofanya ni kupiga hodi mtandao mzima: "Hodi, kuna anayegawa anwani hapa?" Seva inaitikia: "Karibu, ipo hii." Kompyuta inasema, "Naomba hiyo." Seva inajibu, "Chukua, ila ni kwa muda, ukikaribia kuisha uniambie." Basi. Ni adabu tupu. Nilikuwa nimeishi na adabu hiyo tangu utotoni, mlango kwa mlango pale Ngarenaro, na kumbe mashine nazo zinayo.

Nikachukua kompyuta ya zamani iliyokataliwa na uhasibu, nikaipangusa, nikaiwekea mfumo wa bure. Nikaiwekea fungu la anwani za kugawa, nikaondoa zile za mashine zisizohama, kama printa na seva ya maabara. Mara ya kwanza ilikataa kuwaka kwa sababu ya nuktamkato moja niliyoisahau mwishoni mwa mstari. Mara ya pili iliwaka ikakaa kimya. Nikaunganisha kompyuta moja ya majaribio na swichi ndogo mezani, nikaangalia kioo cha seva. Mstari ukatokea: hodi. Wa pili: karibu. Wa tatu, wa nne. Imepewa. Nilipiga kigelegele peke yangu ofisini mpaka mtu wa stoo akaja kuuliza nani ameolewa.

Furaha ile nikaona siwezi kukaa nayo bila kumpelekea mwalimu wangu. Nikapanda gari hadi Usa. Nikamkuta Mzee Elirehema anakata majani ya ng'ombe, nikamwamkia, tukaketi, nikamwaga yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake.

"Kwa hiyo hakuna mtu anayekwenda pale kukaa nao," akasema.

"Hakuna haja, Mzee. Inagawa yenyewe."

"Mimi nikimpa mtu namba, namjua. Najua ni Eliapenda wa wazazi, najua kompyuta yake inakaa karibu na dirisha na mvua inaingia. Hiyo mashine yako itamjua nani?"

"Haihitaji kumjua, Mzee."

"Ee. Ndiyo hiyo sasa." Akainuka, akafunga mzigo wake wa majani. Nilipokuwa natoka getini akaniita kwa jina langu, si la mwanangu. "Zuhura. Na kumi umempa nani?"

Kumi ilikuwa ndani ya fungu, ingeenda kwa yeyote atakayepiga hodi. Nilirudi Ngarenaro nimenyong'onyea, na njiani nikakasirika pia, kwa sababu alikuwa ameniharibia siku yangu na mimi sikuwa nimemkosea kitu.

Siku ya kuanza ilikuwa Jumatatu. Mganga mfawidhi wetu, daktari mpole lakini asiyependa majaribio kwa wagonjwa, aliniita asubuhi. "Mama Salma, leo wahudumu wa karatasi wanapumzika. Lakini kama mpaka saa tisa alasiri hii kitu haijatulia, nawarudisha, na mfumo huu tutausahau. Siwezi kucheza na maabara."

Nikamwambia sawa. Nilikuwa na uhakika kupita kiasi. Asubuhi mambo yalikwenda kama harusi: kompyuta zinapiga hodi, seva inakaribisha, majibu ya kwanza ya malaria yakaonekana wodi ya watoto, na manesi wakapiga makofi. Kwenye saa tano simu zikaanza. Famasi hawaoni maabara. Wodi ya upasuaji hawaoni maabara. Mapokezi wanaona, hapana, hawaoni tena. Nikakimbilia famasi nikaangalia anwani waliyopewa. Haikuwa yangu. Haikuwa hata ya ukoo wa anwani zetu. Ilikuwa ngeni kabisa, kama mtu umemtuma sokoni Ngarenaro akarudi na risiti ya Nairobi.

Nikaelewa. Mahali fulani katika hospitali nzima palikuwa na mwingine anayeitikia hodi. Kompyuta haichagui. Anayewahi kusema karibu ndiye anayefuatwa, na huyu mwingine alikuwa anawahi. Kila mashine iliyozimwa na kuwashwa ilikuwa inaangukia kwake. Fahali wawili hawakai zizi moja, na wa pili sikujua yuko wapi.

Saa sita ikapita. Wahudumu wa karatasi walikuwa wamekaa kwenye benchi nje ya maabara, viatu vyao vya mvua tayari miguuni, wananitazama kwa huruma. Wodi ya wazazi walikuwa wanangoja majibu ya mama aliyekuwa anaandaliwa kwa upasuaji. Akilini nikamwona tena yule mume na karatasi yake.

Nikachukua kompyuta yangu ya mapajani, nikaingia kwenye kabati la swichi, nikajifungia. Nikaiacha nayo iangukie kwa yule mgeni, ili nijue anwani yake yeye mwenyewe. Nikaanza kumwita mfululizo, na kompyuta nikaiweka itoe mlio kila anapojibu. Ti, ti, ti. Yupo, anaitikia. Halafu nikaanza kuchomoa kebo, moja baada ya nyingine. Nachomoa, nasikiliza, ti, ti, narudisha. Kila niliyochomoa, mahali fulani mtu alikuwa anapiga kelele, na simu yangu iliita mpaka nikaiweka chini ya makalio. Nachomoa, ti, ti, narudisha.

Nikachomoa moja, kukawa kimya.

Nikairudisha. Ti, ti. Nikaichomoa. Kimya. Swichi ile ilikuwa imejaa kebo kama utumbo wa mbuzi, lebo hazipo, na kebo ile ilipotelea ukutani pamoja na nyingine zote. Kuifuata darini kungenichukua siku nzima. Nikaipangusa vumbi kwa ncha ya mtandio wangu, vidole vikagusa kitu laini. Uzi wa sufu, umefubaa lakini mwekundu. Nikahesabu mafundo, nikahesabu tena. Matatu.

Wodi ya wazazi, chumba cha manesi. Ningeweza kuiacha imechomolewa, lakini huko ndiko majibu yalikokuwa yanangojwa, basi nikairudisha.

Nilipanda ule mlima mbio, mimi mwanamke mnene wa miaka ile, na matope yakaninyang'anya kiatu kimoja. Sikurudi kukichukua.

Katika chumba cha manesi alikuwepo Sista Eliapenda, mkuu wa wodi, mwanamke aliyezalisha nusu ya wilaya na kuionya nusu nyingine. Akaniangalia mguu. "Mama Salma, pole, umevamiwa?"

"Sista, kuna kifaa hapa."

"Kifaa gani?"

Nikakiona. Juu ya kabati la dawa, kimefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kama redio ya sebuleni. Nikainua kitambaa. Ruta ndogo ya dukani, ya nyumbani, taa zake zinameremeta kwa furaha.

Lazima niwaeleze wale wasiotoka huku. Katika sharika za kwetu, Jumapili ya mavuno watu huleta madhabahuni walichojaliwa: mikungu ya ndizi, mahindi, mayai, kuku, maziwa. Baada ya ibada vinapigwa mnada nje ya kanisa. Safari ile kijana mmoja mwenye duka la simu mjini, asiye na shamba wala kuku, alileta alichovuna yeye, nayo ni ruta. Mwinjilisti akaiombea pamoja na ndizi. Sista Eliapenda akainunua mnadani, akishindana na babu mmoja aliyedhani ni redio, akaileta wodini Jumatatu hiyo hiyo, saa tano, kama zawadi kwa wazazi wa wodi yake. Kifaa cha dukani mtu angeniuliza kwanza. Lakini nani anaomba kibali cha kuingiza sadaka? Akachomeka kebo ya ukutani kwenye tundu la njano la ruta, kwa sababu matundu ya njano yalikuwa manne na la bluu lilikuwa moja tu, na yeye alisema penye wengi hapaharibiki neno. Lingekuwa la bluu, kifaa kingepokea mtandao wetu kikagawa kwa simu za wazazi tu. La njano lilikifanya kiingie zizini mwetu na kuanza kuchunga.

Nifikirieni mimi. Mwislamu wa Ngarenaro, kiatu kimoja, nimesimama ndani ya hospitali ya kanisa, natakiwa kumwambia mama huyu kwamba sadaka yake iliyoombewa ndiyo imeangusha hospitali.

"Sista," nikasema, "hiki kinagawa anwani. Na seva yangu inagawa. Kompyuta zimechanganyikiwa."

"Kwa hiyo nikitoe."

"Kwa sasa—"

"Mama Salma, njoo." Akanishika mkono mpaka mlangoni mwa wodi. Kitandani mama mmoja kijana alikuwa ameinua simu, anamwonyesha mtu kichanga chake. Upande wa pili bibi kizee alikuwa analia na kucheka. "Yule bibi yuko Ngarenanyuki, nyuma ya mlima, miguu haimruhusu kuja. Amemwona mjukuu wake saa sita hii. Wewe nenda kamwambie nazima."

Nilimwangalia yule bibi kwenye simu, ambayo kwa bahati ilikuwa imeitikiwa na seva yangu, nikajua simzimi mtu. Na hapo hapo nikaona kwamba sina haja. Ruta ina kazi mbili, kutoa Wi-Fi, mtandao wa hewani wa simu, na kugawa anwani. Ninayoigombea ni moja tu.

"Sista, nipe dakika chache nayo. Itaendelea kufanya kazi. Nitaifundisha tu isiitikie hodi ya watu wengine."

"Hutaivua kitambaa chake?"

"Nitakirudisha."

Nikaingia ndani ya ruta, nikatafuta pale inapogawa, nikafunga. Kebo niliiacha kwenye tundu lake la njano, kumbe kwa kazi hii lilikuwa ndilo tundu sahihi. Baadaye niliwatengea wazazi mtandao wao peke yao, ili simu za wageni zisichungulie maabara. Siku ile nilichotaka ni ukimya. Nikakimbia wodi kwa wodi nikiwaambia watu neno moja, "Zima, washa," na nyuma yangu kompyuta zikawa zinarudi nyumbani moja moja. Sista Eliapenda alinifuata na kiatu changu, ameshakiosha.

Saa tisa mganga mfawidhi alisimama nyuma ya kompyuta ya wazazi, mikono mgongoni. Jina la yule mama wa upasuaji likatokea, na chini yake kundi lake la damu, kwa herufi safi kavu.

"Hii ni ya lini?"

"Ya sasa hivi, Daktari. Chini bado wanaosha mikono."

Akasoma tena. Akatoka mpaka kwenye benchi la wahudumu, akawaambia wavue viatu vya mvua. Nilikwenda chooni nikalia, na sioni haya kuandika.

Jioni nikampigia Mzee Elirehema. Nikamwambia kuhusu mafundo matatu mekundu. Akasema, "Sufu ile ilikuwa nzuri. Mama aliikataa kwenye sweta kwa sababu ya rangi."

Lakini swali lake la getini lilikuwa bado linaniwasha. Seva ile ina uwezo mmoja nilioupita mbio mwanzoni: unaweza kuiambia kwamba kifaa fulani, kikipiga hodi, kipewe namba fulani daima, na namba hiyo asipewe mwingine. Mzee alikuwa anakuja kliniki ya presha kila mwezi. Siku aliyokuja tena nikamwomba simu yake, nikamwambia namwekea mtandao wa hospitali. Nikaitengea. Nikamfungulia pale anwani inapoonekana, nikamrudishia.

Akavaa miwani. Akasogeza simu mbali, akaisogeza karibu. Mwisho wa ile anwani akauona.

"Hii ni kumi," akasema.

"Ndiyo, Mzee. Kila ukifika. Hata nisipokuwepo."

Akaipigapiga ile simu kwa kiganja, mara mbili, kama alivyoipigapiga kompyuta ya mapokezi. "Kumbe mnaweza kuiambia," akasema. Akajifanya anakohoa, nami nikajifanya nimemwamini.

Tangu siku ile ikawa desturi ya ofisi yetu, na wewe Neema umeingia wakati imelala, ndiyo maana huijui. Namba kumi ilipotokea kwenye kioo, tulijua Mzee ameshapita getini. Aliyekuwa karibu aliacha kazi akateremka kumpokea, akambebea mkoba, akamtafutia kiti. Hakuwahi kukaa foleni ile peke yake. Wauguzi walidhani ana jamaa mkubwa hospitalini.

Haijaonekana siku nyingi kwa sababu aliteleza zizini akavunjika nyonga. Amelala nyumbani, anatembelewa na daktari huko huko. Jumamosi nilikuwa kwake. Ameanza kusimama na mkongojo, na amesema mwezi ujao atakuja kliniki mwenyewe, apende asipende mkewe. Simu ni ile ile.

Kwa hiyo jibu langu, Neema, ni usiifute. Na siku kumi ikiwaka, acheni mnachofanya, mteremke mapokezi, mumwamkie.